Ndoa Zenye Misukosuko katika Masimulizi ya Biblia: Funzo na Ukimya wa Msimulizi

1. UTANGULIZI

Biblia ya Kiswahili imejadiliwa na wataalamu wetu zaidi kama tukio katika historia ya lugha kuliko kama kazi ya sanaa. Twafundishwa kwamba Johann Ludwig Krapf alianza kufasiri Kitabu cha Mwanzo mjini Mombasa mwaka wa 1844, na kwamba Biblia nzima ya tafsiri ya Muungano ilichapishwa mwaka wa 1952 baada ya jitihada za kuyapatanisha mapokeo ya Unguja na ya Mombasa. Baada ya hapo mazungumzo huhamia kwenye msamiati, maendelezo na usanifishaji. Ni nadra mhakiki kuuliza masimulizi yenyewe yamejengwaje, na ujenzi huo unamfanyia nini msomaji wa Kiswahili.

Pengo hilo si dogo. Masimulizi haya husomwa arusini, hutajwa na wazee wanapowasuluhisha mume na mke, na hutolewa kama hoja pale mke anapojiuliza kama avumilie au aondoke. Kwa hiyo namna ya kuyasoma si suala la wasomi peke yao. Usomaji wa haraka wa hadithi ya Mikali au ya Gomeri waweza kumfungia mtu mlango ambao hadithi yenyewe haikuufunga.

Makala haya yanakusudia kuchunguza masimulizi manne: ndoa ya Yakobo kwa Lea na Raheli (Mwanzo 29 hadi 31), ndoa ya Mikali na Daudi (vitabu viwili vya Samweli), ndoa ya Nabali na Abigaili (1 Samweli 25), na ndoa ya Hosea na Gomeri (Hosea 1 hadi 3). Tutadai mambo mawili. Kwanza, katika tatu za mwanzo funzo halitamkwi na msimulizi. Limo katika mpangilio wa matukio, katika majina wanayoitwa wahusika, na katika yale yasiyosemwa. Pili, si kila ukimya ni usanii. Upo ukimya ambao mhakiki hana budi kuuita kwa jina lake, yaani kunyimwa kauli, na hatari kubwa ya usomaji wetu ni kuuchanganya huo na ule wa kwanza.

2. MAZOEA YETU YA KUTAFUTA FUNZO

Msomaji wa Kiswahili haendi kwenye masimulizi haya akiwa mtupu. Fasihi yake imemlea katika utanzu wa wosia. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa na Mwana Kupona binti Mshamu mnamo mwaka wa 1858 kwa ajili ya binti yake, ndio mfano ulio mashuhuri kupita yote. Shaaban Robert naye aliufuata mkondo huohuo katika Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili. Katika utanzu huu mzungumzaji anajulikana, msikilizaji anajulikana, na funzo hutajwa waziwazi: fanya hili, jiepushe na lile. Ngano zetu nazo aghalabu humalizikia kwa fundisho, na msikilizaji huondoka akiwa na jambo la kushika mkononi.

Hatusemi kwamba wosia ni fasihi duni. Wahakiki wameonyesha kwamba hata utendi wa Mwana Kupona una tabaka zake: wengine wameuona kuwa mafunzo ya utiifu, na wengine wameuona kuwa elimu ya siri ambayo mama anamkabidhi mwanawe ili apate kumudu nyumba inayotawaliwa na mwanamume. Tunachosema ni kwamba wosia humzoeza msikilizaji kutarajia sauti ya mwenye kuusia. Asipoisikia, huitia mwenyewe.

Nathari ya Kiebrania haikujengwa hivyo. Erich Auerbach, katika kitabu chake Mimesis kilichotoka mwaka wa 1946, aliilinganisha hadithi ya Ibrahimu na Isaka na sehemu moja ya utenzi wa Homer, akaonyesha kwamba msimulizi wa Kiebrania huacha mengi gizani: hisia, sababu, hata sura za watu. Robert Alter mwaka wa 1981 na Meir Sternberg mwaka wa 1985 waliliendeleza wazo hilo, wakaeleza jinsi mapengo hayo yanavyomlazimisha msomaji kupima na kukisia. Twawashukuru kwa hilo, ila yafaa kuongeza jambo ambalo mwalimu wa Kiswahili atalitambua upesi. Kitenzi cha Kiebrania cha kusimulia hufuatana kwa mnyororo unaokaribiana sana na mnyororo wetu wa kiambishi -ka-. Mtu akaenda, akaona, akatwaa, akampa. Mnyororo huu hueleza kipi kilifuata kipi. Hausemi kipi kilisababishwa na kipi. Ni chombo kinachomfaa sana msimulizi asiyetaka kutoa hukumu.

Wala msidhani kwamba msimulizi huyu hakuweza kuhukumu. Baada ya Daudi kumtwaa Bathsheba na kumfanyia hila Uria hata akauawa vitani, sura ya kumi na moja ya 2 Samweli yafungwa kwa kauli ya wazi kwamba jambo lile lilikuwa baya machoni pa Mungu. Alipotaka kusema, alisema. Basi pale asiposema, tuna haki ya kuuliza kwa nini.

3. LEA NA RAHELI: UJIRA KATIKA NYUMBA

Kisa cha Yakobo chajulikana. Alimtumikia Labani miaka saba ili ampate Raheli, usiku wa arusi akaingiziwa Lea, asubuhi akagundua, akapewa Raheli baada ya juma moja kwa sharti la kutumika miaka saba mingine. Mahubiri mengi hulichukua tukio hili kama kisa cha mjomba mlaghai. Lakini msimulizi ameliweka baada ya sura ya ishirini na saba, ambamo Yakobo alijifanya kaka yake mkubwa mbele ya baba asiyeona na kumnyang'anya baraka. Sasa, katika giza la usiku, yeye ndiye asiyeona, na mkubwa anawekwa mahali pa mdogo. Labani anajitetea kwa kusema kwamba kwao si desturi kumtanguliza mdogo kabla ya mzaliwa wa kwanza. Hajui anamwambia nani maneno hayo, msomaji anajua. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Hicho ni kinaya cha hali ya juu, nacho kimepatikana bila msimulizi kutia neno lake hata moja.

Hata hivyo, kinaya hiki kina mtu anayekilipia. Adhabu ya Yakobo, ikiwa ni adhabu, imebebwa na Lea. Msimulizi anatuambia kwamba Yakobo alimpenda Raheli zaidi, kisha sentensi inayofuata inalitumia neno kali kuliko hilo, neno la mzizi wenye maana ya kuchukia. Neno hilohilo hutumika katika sheria ya Kumbukumbu la Torati, sura ya ishirini na moja, kumhusu mume mwenye wake wawili, mmoja anayependwa na mmoja anayechukiwa. Hapa mfasiri wa Kiswahili yumo mashakani. Akisema Lea "alichukiwa", anampa Yakobo kosa la kutenda. Akisema "hakupendwa", anaacha upungufu tu. Kunyambua na kukanusha si mambo ya sarufi peke yake. Ni mahali ambapo mfasiri huamua nani wa kulaumiwa.

Undani wa Lea twaupata kwa njia ya majina ya wanawe. Kwa Reubeni anataraji kwamba sasa mumewe atampenda. Kwa Simeoni anataja tena hali yake ya kutopendwa. Kwa Lawi anatumaini kwamba mumewe ataambatana naye. Kwa Yuda mume hatajwi kabisa; kilichobaki ni sifa kwa Mungu. Matumaini yanapungua jina kwa jina mpaka mwenye kutumainiwa anatoweka katika kauli. Msimulizi hakusema kwamba Lea alikata tamaa, wala kwamba alipata amani. Yote mawili yawezekana, na kila msomaji aliyewahi kuishi katika nyumba ya namna hiyo atajua kwamba wakati mwingine mambo hayo mawili hayatenganiki.

Kilele cha kisa hiki ni tukio la tunguja. Reubeni anaziokota kondeni, Raheli anaziomba, Lea anamjibu kwa uchungu kwamba amekwisha kumchukulia mume na sasa ataka na tunguja za mwanawe. Wanapatana: Raheli atapata tunguja, Lea atapata usiku mmoja. Jioni Yakobo anarudi kutoka kondeni na kupokewa na Lea anayemwarifu kwamba amemwajiri. Kitenzi cha kuajiri hapa ni cha mzizi mmoja na neno la ujira ambalo Labani alilitumia alipomwuliza mpwa wake angependa alipwe nini. Mzizi uleule wasikika tena katika jina la Isakari, mtoto aliyezaliwa baadaye. Nyumba iliyoanzishwa kwa mkataba wa kazi imeendelea kuwa soko, na mume aliyenunua kwa jasho sasa anauzwa kwa matunda. Yakobo hajibu neno. Anakwenda.

Yapo mambo mawili zaidi ambayo wasomaji wetu huyapita. Katika sura ya thelathini na moja, dada hawa wawili wanasema kwa kauli moja, na wanachokubaliana ni kwamba baba yao amewauza na kuila thamani yao. Ugomvi wa wake wenza, ambao hadithi imeueleza kwa kirefu, unaonekana kwa mara ya kwanza kuwa tawi la dhuluma nyingine iliyotangulia. Katika jamii ambayo suala la mahari lingali linazungumzwa, na ambayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inazitambua ndoa za mitala za kimila na za Kiislamu, kauli hiyo yastahili kusomwa kwa makini kuliko inavyosomwa. Jambo la pili ni makaburi. Raheli alizikwa njiani kuelekea Efrathi. Yakobo alipokaribia kufa huko Misri aliagiza azikwe katika pango la Makpela, walikolala baba zake, na mahali alipokuwa amemzika Lea. Hakuna neno la upendo lililotajwa hapo. Zipo tu sehemu mbili za kuzikia, na msomaji ameachiwa azipime.

4. MIKALI: DIRISHA NA KIUNGANISHI

Mikali binti Sauli ndiye mwanamke pekee katika masimulizi ya Agano la Kale ambaye msimulizi anasema kwa wazi kwamba alimpenda mwanamume fulani. Upendo wa Daudi kwake hautajwi popote. Sauli aliuona upendo ule kuwa mtego. Akataka mahari ya govi mia za Wafilisti akitumaini kwamba Daudi angeuawa akizitafuta, na Daudi akaleta mia mbili. Tangu mwanzo, basi, ndoa hii ilijengwa juu ya hesabu za wanaume wawili na hisia za mwanamke mmoja.

Maisha yake yamepangwa baina ya madirisha mawili. Katika la kwanza (1 Samweli 19) anamteremsha mumewe apate kuwakimbia watu wa Sauli, kisha anailaza sanamu kitandani ili kuwadanganya. Katika la pili (2 Samweli 6) anachungulia, anamwona mfalme akicheza mbele ya sanduku la agano, na anamdharau moyoni mwake. Baina ya madirisha hayo amekwisha kupewa mume mwingine, Palti mwana wa Laishi, na kisha kunyang'anywa. Daudi alimdai arudishwe wakati alipokuwa akijadiliana na Abneri juu ya ufalme, mara tu baada ya msimulizi kutupa orodha ya wana sita waliozaliwa Hebroni kwa wake sita. Mahali pa orodha hiyo panasema mengi. Paltieli anamfuata mkewe akilia mpaka Bahurimu; Abneri anamwamuru arudi; anarudi. Hatusikii tena habari zake. Machozi ya Mikali hayatajwi, wala furaha yake.

Majina nayo yafanya kazi. Alipomwokoa Daudi aliitwa mke wake. Katika sura ya sita, kila mara, yeye ni binti Sauli. Daudi mwenyewe, akisema na Abneri, anamtaja kama binti Sauli. Akituma ujumbe kwa Ishboshethi, anamwita mke wangu. Mtu mmoja, haja mbili, majina mawili. Mwanafunzi wa isimujamii hahitaji kuelezwa zaidi.

Tunafika kwenye sentensi ya mwisho, inayosema kwamba Mikali hakuzaa mtoto hata siku ya kufa kwake. Kwa Kiebrania sentensi hii inaanza kwa kiunganishi chenye maana pana, kinachokaribiana na "na" yetu, kisha linafuata jina la mwanamke. Kiunganishi hicho chaweza kubeba matokeo, chaweza pia kubeba ufuatano tu. Tafsiri ya Kiingereza ya Mfalme James ya mwaka 1611 ilichagua matokeo, ikatia neno la kuonyesha sababu. Kuanzia hapo mahubiri yakapata msingi: Mikali alimdharau mumewe, kwa hiyo Mungu akamfunga tumbo; wake na wajihadhari.

Matini hayasemi hivyo. Huenda ni adhabu. Huenda pia ni kwamba Daudi hakumwingilia tena, au kwamba Mikali mwenyewe alijitenga. Huenda msimulizi alitaka tu kutujulisha kwamba nyumba ya Sauli haitachanganyika na nyumba ya Daudi katika kiti cha enzi. Uwezekano wote huo umeachwa wazi kwa kiunganishi kimoja. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga. Mfasiri akiandika "kwa hiyo", mshindo huo ameuzima, na pamoja nao amemhukumu mwanamke kwa kosa ambalo msimulizi hakulitaja. Tukumbuke kwamba katika jamii zetu mke asiyezaa hubebeshwa lawama kabla ya uchunguzi wowote. Kiambishi na kiunganishi vyaweza kuongeza mzigo huo au kuupunguza.

5. ABIGAILI: BUSARA ISIYOOMBA IDHINI

Katika kisa cha Nabali msimulizi ameitoa hukumu mapema. Nabali, mwenye kondoo elfu tatu na mbuzi elfu moja huko Karmeli, ni mtu mgumu na mwovu wa matendo. Abigaili ni mwenye akili na mzuri wa uso. Hata jina la mume, lenye maana ya mpumbavu, limemhukumu. Kwa sababu hiyo wasomaji huona kwamba hapa funzo liko wazi: mke mwenye busara huiokoa nyumba.

Naam, lakini yapasa kutazama aliiokoaje. Nabali alipowatukana wajumbe wa Daudi, na Daudi akafunga safari na watu mia nne wenye silaha, kijana wa nyumbani hakumwendea bwana wake. Alimwendea bibi, akamwambia kwamba bwana hasemezeki. Abigaili akatwaa mikate mia mbili, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliokwisha kuandaliwa, bisi, zabibu kavu na mikate ya tini, akapakiza juu ya punda, akatoka. Msimulizi anaongeza kwamba hakumwambia mumewe. Maneno hayo ni mafupi, nayo aghalabu huachwa nje ya mahubiri. Mwana Kupona alimhimiza binti yake aombe ruhusa ya mumewe kabla ya kutoka. Abigaili alitoka bila ruhusa, akiwa amebeba mali ya nyumba, kwenda kukutana na adui wa mumewe, na Daudi anambariki kwa hilo. Anayemtaja Abigaili kama kielelezo cha mke mwema hana budi kumtaja mzima. Wema wake katika hadithi hii ni uamuzi alioutoa peke yake mahali ambapo utiifu ungeliwaua wanaume wote wa nyumba ile.

Jambo jingine ni wakati wa kusema. Usiku Nabali alikuwa amelewa, Abigaili akanyamaza. Asubuhi, divai ilipomtoka, akamweleza. Moyo wa Nabali ukafa ndani yake, akawa kama jiwe, na baada ya siku kama kumi akafa. Hapa mke anaamua si neno gani liseme kweli tu, bali pia saa ya kulisema.

Basi hadithi ingeishia kwa furaha, maana Daudi alimwoa. Lakini tazama jinsi sura inavyofungwa. Daudi amemtwaa Abigaili. Alikuwa amemtwaa pia Ahinoamu wa Yezreeli. Na Sauli alikuwa amemtoa Mikali kwa Palti. Wawili wameingia, mmoja ametoka, na hesabu hiyo imewekwa papo hapo penye arusi. Aidha, Abigaili, ambaye hotuba yake mbele ya Daudi ni ndefu na yenye ufundi mkubwa wa maneno, baada ya kuolewa hapewi tena kauli yoyote. Twamkuta akitekwa pamoja na Ahinoamu huko Siklagi, na akitajwa katika orodha ya mama wa watoto. Mke wa mpumbavu alisema; mke wa mfalme amenyamaza. Msimulizi hakulieleza hilo, ila amelipanga.

6. HOSEA NA GOMERI: PALE UKIMYA UNAPOKUWA KUNYIMWA

Tumekwisha kuusifu ukimya wa msimulizi mara tatu. Sasa yatupasa kuwa waangalifu. Hosea alitabiri katika ufalme wa kaskazini wa Israeli katika karne ya 8 kabla ya Kristo. Aliamriwa amwoe mwanamke mzinifu, akamwoa Gomeri binti Diblaimu, wakapatikana watoto watatu waliopewa majina ya kutisha: Yezreeli, kisha Lo-ruhama, maana yake asiyehurumiwa, kisha Lo-ami, maana yake si watu wangu. Ndoa hiyo ni istiara: mume ni Mungu, mke ni taifa lililoifuata miungu mingine.

Lea aliwapa watoto wake majina, na katika majina hayo tukausikia moyo wake. Gomeri hakuwapa. Sura ya kwanza imesimuliwa katika nafsi ya tatu, ya tatu katika nafsi ya kwanza ya mume, na ya pili ni hotuba ya mume, ambamo sauti ya nabii na ya Mungu haziwezi kutenganishwa. Mume anatisha kumvua nguo, kumzungushia miiba, kumnyang'anya nafaka na sufu. Kisha anaahidi kumbembeleza jangwani. Katika sura ya tatu ananunua mwanamke, ambaye hata jina hatajiwi, kwa vipande kumi na vitano vya fedha na kiasi cha shayiri. Wataalamu hawajakubaliana kama huyo ni Gomeri. Kotekote mwanamke hasemi neno lake mwenyewe. Akisemeshwa, ni mume anayemwekea maneno kinywani.

Ukimya huu si wa aina ya Mikali. Mikali alisema, alitenda, alikaripia. Kunyamazishwa kwake kuna mahali pa kuanzia, na msomaji anaweza kukuona. Gomeri hakupewa mahali pa kuanzia. Msimulizi hakumwachia pengo; pengo limekwisha kujazwa na sauti ya mwingine. Renita Weems, katika utafiti wake wa mwaka 1995 kuhusu istiara ya ndoa katika manabii, alionyesha hatari iliyomo: istiara iliyokusudiwa kumweleza Mungu kwa mfano wa mume hugeuka ikamweleza mume kwa mfano wa Mungu. Akisharudi nyumbani na istiara hiyo, mume hupata haki ya kuadhibu na kusamehe, na mke hubaki na haki ya kutubu tu.

Kwa Kiswahili hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu ya neno moja. Katika sura ya pili Mungu anasema kwamba itafika siku mke atamwita kwa neno lenye maana ya mume wangu, wala si kwa neno lile jingine, ba'al, ambalo lilikuwa jina la mungu wa Kanaani na pia neno la kawaida kwa mume kama mmiliki. Sisi tuna bwana. Bwana ni mume, bwana ni mwenye mtumwa, na katika Biblia yetu BWANA ni jina la Mungu mwenyewe. Neno ambalo nabii alitaka liachwe ndilo linalolingana kwa karibu na neno tunalolitumia kila siku nyumbani na madhabahuni. Hatupendekezi kulifuta, lugha haifutwi kwa makala. Lakini mwalimu anayefundisha sura hii bila kuionyesha tofauti hiyo amepitwa na sehemu ambayo istiara, baada ya vitisho vyote, inajirekebisha yenyewe na kuelekea kwenye ndoa isiyokuwa ya mmiliki na mmilikiwa.

7. PINGAMIZI NA HITIMISHO

Msomaji makini ataweza kutupinga hivi: huenda ukimya wote huu ni uzembe wa waandishi wa kiume wa zama zile, waliokuwa hawajali wanawake walisema nini, na mhakiki ndiye anayeuvika usanii. Pingamizi hili ni la haki, na halijibiki kwa jumla. Twapendekeza kipimo kimoja. Pale mhusika alipokwisha kupewa kauli na nia, kisha akanyamaza, ukimya una maana katika muundo wa hadithi, na mhakiki ana ruhusa kuufasiri. Pale ambapo hakupewa kamwe, mhakiki asiusifu, auonyeshe. Kwa kipimo hiki Lea, Mikali na Abigaili wako upande mmoja. Gomeri yuko upande wa pili, na pamoja naye Bilha na Zilpa, vijakazi waliomzalia Yakobo wana wanne, ambao hata majina ya wana hao yalitolewa na bibi zao. Kisa cha tunguja chavutia. Tusisahau kwamba katika nyumba hiyohiyo wapo wanawake wawili ambao hawakuwa na kitu cha kupatania.

Kutokana na uchunguzi huu yatokea mapendekezo machache. Mfasiri wa nathari ya Kiebrania ajiepushe kuongeza viunganishi vya sababu mahali ambapo asili haikuvilazimisha. Mnyororo wa -ka- na kiunganishi "na" vinatosha, na vinamheshimu msomaji. Mwalimu wa fasihi ayaweke masimulizi haya kando ya wosia, ili mwanafunzi aone kwamba ziko njia mbili za kufunza, moja ya kuambiwa na moja ya kuonyeshwa, na kwamba ya pili yahitaji msomaji anayerudi nyuma kuangalia nani aliitwaje na nani alisema nini. Na yeyote anayeyatumia masimulizi haya kuwashauri wanandoa ayasome yote, pamoja na Paltieli anayelia njiani na Abigaili aliyetoka bila kuaga.

Hatukugusa kisa cha Tamari na Yuda, wala cha Hana na Penina, wala cha Sara na Hajiri. Kila kimoja kina ukimya wake, na kila kimoja chastahili kupimwa kwa kipimo tulichokitaja au kwa kilicho bora zaidi. Kazi hiyo twawaachia wenzetu, kwa matumaini kwamba wataianzia pale ambapo mahubiri huishia, yaani kwenye maneno yenyewe.